Picha za Pakiti na Mikebe

Picha iliyotengenezwa kwa vitu vya kutupwa haihitaji kuandikwa mwaka. Ukiona kobe ambaye gamba lake limeundwa kwa kadi za simu zilizokwaruzwa, ujue alitengenezwa baada ya mwaka 2000 na kabla watu hawajazoea kununua muda wa maongezi kwa M-Pesa. Ukiona anga la buluu lililokatwa kwenye mfuko laini wa plastiki wa dukani, basi picha hiyo ni ya kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Kenya na faini yake kufikishwa hadi shilingi milioni 4. Mkebe wa bati uliofumuliwa, ukanyooshwa kwa nyundo na kukatwa samaki, huyo ni mzee zaidi. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa Kamenu kutengeneza picha za namna hii siku za Jumamosi, na kila ninapozitazama naona historia ya Thika ambayo sijaikuta kwenye kitabu.

Wageni wengi wanaujua mji wetu kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, chenye miti ya maua mekundu kwenye jina lake. Miti hiyo ipo, na ni mizuri. Lakini mtoto aliyekulia Kamenu, Kiganjo au Makongeni aliijua Thika kwa harufu ya nanasi linalopikwa, ngozi inayolowekwa na mafuta ya kupikia, na kwa rangi zilizochapwa kwenye karatasi za kufungia bidhaa. Hapa rangi ilitoka kiwandani kabla haijatoka dukani. Watu wanapoizungumzia sanaa ya vitu vilivyotumika kana kwamba ililetwa na semina za mazingira, huwa naumia, kwa sababu najua ina umri, ina walimu, na ina mama yake, Rosemary Karuga, ambaye wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajawahi kumsikia.

Nitamfikia. Kwanza nianze na kibuyu.

Wakikuyu wa pande hizi walikuwa na gĩcandĩ. Ni kibuyu kilichokaushwa, kikatiwa mbegu ili kilie kikitikiswa, kikachorwa alama kwa ncha kali, kisha kikapambwa kwa kauri. Mwenye kibuyu alikwenda nacho sokoni akiimba shairi refu la mafumbo, na mpinzani wake alipaswa kulifumbua kwa kuimba vilevile. Aliyeshindwa angeweza kumwachia mwenzake chombo chake. Tazama basi vilivyokutana hapo: mmea wa shambani, mbegu, mchoro, na kauri zilizotoka Bahari ya Hindi zikapita mikono mingi ya wafanyabiashara hadi kufika karibu na Mlima Kenya. Vyote viliunganishwa kwa ajili ya mchezo wa akili. Nikiulizwa kazi ya mchanganyiko ilianza lini Kiambu na Murang'a, siwezi kuutaja mwaka, ila kibuyu hicho nitakitaja.

Baada ya kibuyu tuje kwenye bati. Reli ya tawi kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Kahawa na mkonge vilikwisha kuanza kulimwa kwenye mashamba ya walowezi, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaja sheria ya kipande. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Huwa nafikiri sana juu ya kikebe hicho. Chuma kile kile chembamba kilichomfunga babu, mjukuu wake alikuja kukikata kwa mkasi wa bati akatengeneza gari la kuchezea. Sidhani kama mtoto aliyekuwa akikata mkebe alilifikiria hilo. Mimi nalifikiria kwa niaba yake.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili ndipo mikebe ilipokuwa mingi. Kenya Canners, kampuni ya mananasi ambayo miaka ya 1960 iliingia mikononi mwa Del Monte, ilihitaji mikebe, na Metal Box ikawa na kiwanda chake mjini humu humu cha kuitengeneza. Viwanda vya nguo vikafuata, vya ngozi vikapanuka, na baadaye Bidco, kampuni ya mafuta ya kupikia, ikahamia kwetu. Mwaka 2002 kampuni hiyo iliinunua Kimbo, jina ambalo kila jiko la Kenya lililijua tangu enzi za East Africa Industries. Unga wa Soko nao ukawa unasagwa hapa hapa. Kwa hiyo mji ulitoa vyakula na mafuta, na pamoja navyo ukatoa bati, karatasi, katoni na wino.

Mkebe mtupu haukutupwa. Ulipima mahindi na maharagwe sokoni, ulioteshea miche ya vitunguu, uliogeshea mtoto, na mdogo wake ukageuzwa koroboi. Uliotoboka ndio uliotufikia sisi watoto. Gari la waya lilikuwa na magurudumu ya vifuniko vya dawa ya viatu, taa za vizibo vya soda, na usukani mrefu uliofika kifuani ili dereva akimbie nalo amesimama wima. Wavulana walishindana nani gari lake lina rangi za matatu gani. Wasichana tulikata wanawake kwenye magazeti tukawavalisha vitenge vya karatasi za peremende. Tukiwa na njaa au tumeshiba, mchezo huo uliendelea.

Lakini shule yetu ya kwanza ya kubandika ilikuwa ukutani. Nyumba za mbao na mabati zilipitisha upepo, hasa mwezi wa Julai, na dawa yake ilikuwa magazeti yaliyobandikwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, kuanzia sakafuni hadi kwenye dari. Mama yangu alimenya mananasi kwa msimu, na mara nyingine alirudi na lebo zilizoharibika mashineni. Zilikuwa karatasi ndefu ambazo rangi ya njano ilikuwa imekosana na nyekundu, kila nanasi likawa na kivuli chake pembeni. Alizibandika karibu na kitanda changu. Nilijifunza kusoma kwa ukuta ule: nusu ya habari ya Taifa Leo, nusu ya tangazo la sabuni, kisha nanasi. Sentensi iliyoanza kwa siasa iliishia kwa bei ya baiskeli. Nadhani hapo ndipo nilipopata imani, ambayo sijaiacha, kwamba vitu viwili visivyojuana vikiwekwa pamoja vitaanza kuzungumza.

Krismasi ilipokaribia ukuta ulipata mapambo mapya. Karatasi ya chooni ya waridi ilikunjwa na kusokotwa, ikatundikwa kutoka kona hadi kona, na katikati yakafungwa maputo. Nani alianzisha desturi hiyo sijui, ila sijaona nyumba ya mtaani kwetu iliyoikosa enzi zile. Wapo wanaoiona kuwa ya kimaskini. Mimi naiona kuwa kazi ya watu waliojua kwamba chumba kimoja kinaweza kubadilika kabisa kwa shilingi chache na jioni moja ya kucheka.

Mwaka 1985 serikali ilileta mfumo wa 8-4-4, na sanaa na ufundi ikawa somo la mtihani katika shule za msingi. Somo lile lilifanya kazi kubwa kuliko linavyosifiwa. Shule nyingi hazikuwa na rangi wala brashi, kwa hiyo walimu walitumia kilichopatikana. Tulipondaponda maganda ya mayai tukayatia wino na kuyapanga yawe mosaiki. Tulibandika maharagwe, mbegu za maboga, unga wa mbao kutoka kwa seremala na nyuzi za migomba. Tuliloweka magazeti usiku kucha, tukayatwanga na kufinyanga vinyago. Wazazi walilalamika juu ya gharama na usumbufu wa vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likaondolewa kwenye mtihani. Likishaacha kutahiniwa, kipindi chake kwenye ratiba kikawa cha hesabu. Watoto waliosoma kati ya hapo na mwaka 2019, mtaala mpya ulipoanza kutumika kote nchini, wengi wao walimaliza shule ya msingi bila kushika mkasi darasani. Huo ni upungufu mkubwa, nami nauona mikononi mwa vijana wanaonijia: wanajua kuchora kwa simu, lakini karatasi ikijikunja kwa maji ya gundi wanaogopa.

Wakati sisi tukibandika maganda ya mayai, mwanamke mmoja aliyekaribia miaka 60 alikuwa akianza upya. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba yake Mganda na mama yake Mkenya. Kati ya 1950 na 1952 alisoma katika shule ya sanaa ya Makerere, Kampala, ile iliyoasisiwa na Margaret Trowell, naye ndiye mwanamke wa kwanza kusomea hapo. Alirudi Kenya akawa mwalimu, akaolewa, akalea watoto watatu, akalima shamba. Zaidi ya miaka 30 ikapita hivyo. Mwaka 1987 akakaa kama msanii mgeni katika kituo cha Paa ya Paa, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau na wenzake.

Rangi zilikuwa ghali. Karuga akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akaongeza kurasa za majarida yenye mng'ao, akazikatakata vipande vidogo na kuvipanga mpaka vikawa wanawake, wanyama, miti, shughuli za kijijini. Ukisimama mbali unaona mchoro wa rangi. Ukisogea unaona kwamba shavu la mwanamke lina toni nyingi za kahawia, kila moja ikiwa imetoka kwenye karatasi tofauti, na kwamba hakuna hata moja iliyowekwa kwa bahati. Watu waliofananisha kazi zake na mosaiki za makanisa ya kale ya Bizanti hawakukosea. Alitengeneza pia picha za hadithi ya Amos Tutuola wa Nigeria, ile ya mnywaji wa mvinyo wa mnazi. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum huko Harlem, New York, katika maonyesho ya wasanii wa Afrika ambamo alikuwa mwanamke pekee. Alifariki Ireland mwaka 2021, akiwa na miaka 92.

Ninaporudi kwake, kinachonigusa ni ule uamuzi wa jikoni. Pakiti ya unga ilikuwa mikononi mwa kila mwanamke wa Kenya, asubuhi na jioni. Karuga, aliyekuwa amesomea uchoraji na uchongaji katika chuo kikubwa kuliko vyote Afrika Mashariki wakati huo, aliiangalia kwa macho ya mtu anayechagua rangi dukani. Hakuiona kuwa badala ya kitu bora. Ndiyo maana picha zake zina furaha, na furaha hiyo haikutokana na kukosa.

Hakuwa peke yake katika kutafuta rangi pasipo na duka la rangi. Edward Saidi Tingatinga, Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Jak Katarikawe wa Uganda, aliyeishi Nairobi, alianza kwa nta ya mshumaa na dawa ya viatu. Sane Wadu, mwalimu aliyeacha kazi na baadaye kuwa miongoni mwa wasanii wa Ngecha, alichora kwenye nguo zake mwenyewe, na watu walipomwita mwendawazimu akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Huko Ulaya, Kurt Schwitters alikuwa akibandika tiketi za tramu na karatasi za kufungia bidhaa mjini Hannover tangu 1919. El Anatsui, Mghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, alivigeuza vifuniko vya chupa za pombe kuwa mapazia makubwa yanayotundikwa katika makumbusho ya dunia. Nawataja watoto majina haya yote, lakini namtanguliza Karuga, kwa sababu pakiti yake wanaijua kwa mkono.

Sasa nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana historia ya ufundi bila ufundi ni majina matupu.

Tunaanza na katoni. Katoni ikipakwa gundi upande mmoja tu itajikunja ikikauka, kwa hiyo nyuma pia hubandikwa gazeti ili pande mbili zivutane sawa. Gundi ni unga wa ngano: unaukoroga kwenye maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo unaweka motoni, unakoroga bila kuacha mpaka uwe mwepesi na wa kung'aa kama uji wa mgonjwa. Wengine huongeza chumvi isichache upesi. Vitu vizito, kama vizibo na zipu, vinahitaji gundi nyeupe ya maseremala. Karatasi za unga huloweshwa kidogo zikalainika. Hapa kuna siri ambayo huifundisha siku ya kwanza: kukata na kurarua ni rangi mbili tofauti. Ukikata kwa wembe, ukingo unabaki safi. Ukirarua kwa kuivuta karatasi upande wako, wino unabanduka na mstari mweupe wa nyuzi unajitokeza. Mstari huo ndio manyoya ya kuku, ndio povu la maporomoko ya Chania. Hakuna haja ya kununua rangi nyeupe.

Mwaka uliopita mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa darasa la sita, alitengeneza ng'ombe ambaye bado namtundika mbele ya darasa. Mwili ni wa pakiti ya unga ya kilo mbili, na maandishi ya uzani ameyaacha makusudi yakaangukia kwenye paja, kana kwamba ng'ombe amepimwa sokoni. Macho ni vizibo viwili vya soda tofauti, kimoja kimebonyezwa katikati, kwa hiyo ng'ombe anakukonyeza. Mdomo ni zipu ya suruali ya mitumba na unafunguka kweli. Ndani yake mtoto ametia majani makavu ya mahindi, ambayo huyabadilisha yakianza kubomoka. Kiwele amekikata kwenye glavu ya mpira ya waridi, vidole vitatu vimeelekea chini na cha nne pembeni. Kila anayeingia hufungua zipu kwanza, kisha anacheka, kisha ndipo anapoanza kuangalia jinsi rangi zilivyopangwa. Utaratibu huo ni sahihi. Kicheko humfanya mtu abaki mbele ya picha, na akibaki ataona.

Marufuku ya mwaka 2017 ilitunyang'anya buluu. Sikuisikitikia sana, kwa kuwa nilikumbuka mifuko ile ilivyoziba mitaro ya Kamenu kila masika na ilivyokwama kwenye nyua za michongoma. Hata hivyo ni kweli kwamba mfuko ule uliotatuliwa tabaka moja moja ulitoa anga ambalo karatasi haiwezi kulitoa. Watoto walitafuta njia nyingine. Wakaanza kutumia upande wa ndani wa pakiti za krispi, unaong'aa kama fedha, na kuupaka wino wa kalamu iliyokwisha. Mwaka 2020 zikaja kamba za barakoa, ambazo zilitufaa kwa miguu ya ndege. Mtaala mpya nao ukarudisha sanaa darasani, na wazazi wakaanza tena kutumwa katoni na vizibo. Malalamiko ni yale yale ya miaka ya 1980. Nikikutana na mzazi aliyechoka kutafuta vizibo usiku, humwambia anipigie simu, ninavyo gunia zima.

Lipo pia jalala la Kang'oki, hapa Thika, ambako watu huchagua chuma, plastiki na katoni kwa ajili ya kuuza. Wanaochagua huko wanajua vitu kuliko mimi. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutofautisha kwa sauti bati na alumini ukivigonga kwa kijiti, na kwamba alumini hukatwa na mkasi wa kawaida bila kuumiza mikono ya mtoto. Tangu hapo vyuma vyote vya darasani hupita kwake kwanza, na namlipa, kwa kuwa uchaguzi wake ni kazi ya macho kama yangu.

Jambo linalonikosesha usingizi ni jinsi kazi hizi zinavyokufa haraka. Gundi ya unga ni chakula, na mende, panya na mchwa wanalijua hilo. Karatasi za sabuni na unga hupauka zikipigwa na jua, nyekundu ikitangulia. Moto nao haubagui: mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa Paa ya Paa, kituo kile kile kilichompokea Karuga. Picha za mosaiki za mayai tulizotengeneza shuleni kati ya 1985 na mwisho wa miaka ya 1990 nimeziomba kwa watu wa rika langu, na nyingi nilizoletewa zimebaki katoni yenye alama za gundi. Nazipiga picha hivyo hivyo, kwa kuwa alama za gundi nazo zinaonyesha mkono wa mtoto ulivyopita. Wanafunzi wangu wa sasa huandika nyuma ya kila kazi vifaa vyote vilikotoka: pakiti ya duka gani, kizibo cha sherehe gani, kitambaa cha nguo ya nani.

Nyumba za mbao zinabomolewa kila mwezi ili kupisha maghorofa ya kupangisha, na kuta zake za magazeti huenda na lori la vifusi. Ukibomoa moja pande za Kiganjo au Makongeni, ng'oa angalau ubao mmoja pamoja na tabaka zake zote, usizibandue, ufunge kwa kitambaa kikavu na uuweke juu ya matofali mchwa wasiufikie. Kisha uliza mtaani mwalimu wa picha ni nani. Nitakuja kuuchukua mwenyewe.